MAMA KATULIWA NDOO, SASA TUULIZE NDANI YA NDOO MNA NINI

*Maoni ya Idara ya Uenezi, Tawi la Chama, Maji ya Chai, Wilaya ya Meru*

Ndugu wanachama, ndugu wananchi wote wa Maji ya Chai na vitongoji vyake,

Ujumbe huu ni mrefu kuliko ule tuliozoea kuwatumia. Tunaomba usomwe hadi mwisho, na aliye na mzazi asiyetumia simu amsomee.

Kwa miaka kadhaa sasa kila anayepanda jukwaani, wa chama chochote, anazungumzia kumtua mama ndoo kichwani. Ni kauli nzuri na Tawi letu halina ugomvi nayo. Mama aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenda mtoni, leo akapata kilula jirani na nyumba yake, amepata haki yake, na aliyefanikisha hilo apongezwe hata kama si wa Chama chetu. Hoja yetu iko kwingine. Utepe ukishakatwa na mgeni rasmi akanywa glasi moja mbele ya kamera, hakuna anayeuliza maji yale yana nini. Yeye kanywa glasi moja na gari lake linamsubiri. Mtoto wa hapa atayanywa kila siku mpaka meno yake ya kudumu yaote.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hizo ndizo namba ambazo zimekuwa zikisomwa kwenye taarifa za utekelezaji. Kwa namba hizo, mtaa wenye bomba linalotoka umefaulu. Sera hiyo hiyo ilizungumzia pia maji kuwa safi na salama, lakini ni lini mara ya mwisho mmesikia namba ya usalama ikisomwa kwenye mkutano wa kijiji?

Tatizo letu lina jina: *floraidi*. Wengi mnalijua kwa sura yake, yaani meno ya kahawia, kwa hiyo tuseme machache kuhusu asili yake. Mlima Meru ni mlima wa volkano. Mvua inapopenya kwenye majivu na miamba yake, maji yanayeyusha madini hayo, na kadiri yanavyokaa ardhini ndivyo yanavyobeba mengi zaidi. Ndiyo maana upande wa kusini wenye mvua nyingi una chemchemi zenye nafuu, na upande mkavu wa Ngarenanyuki hali ni mbaya zaidi. Ndiyo maana pia visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana.

Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Rangi ya mto wetu, ile iliyotupatia jina, siyo floraidi. Maji meupe kabisa ya bomba yanaweza kuwa nayo nyingi. Na hapa tunaomba akina mama watusikilize vizuri: *kuchemsha hakuiondoi*. Tuendelee kuchemsha kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, hilo halina mjadala, lakini maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki ile ile kwenye maji machache. Dawa ya klorini haiigusi. Kitambaa cha kuchujia hakiigusi.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu ilianzia mbali. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu maji ya vijijini yawe na hadi miligramu 8 kwa lita, baadaye ikashushwa hadi 4, na leo kiwango cha taifa nacho ni 1.5. Maana yake ni kwamba mradi uliojengwa kihalali kabisa enzi za 8 au za 4 unaweza usipite kwa kipimo cha leo, na mabomba yake bado yanatoa maji.

Madhara yanaanza mapema. Meno ya kudumu yanajijenga ndani ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi kama miaka minane, na floraidi inayoyaharibu inaingia wakati huo. Yakishaota na doa, mswaki hauliondoi. Inasikitisha kuona mwalimu anamwambia mtoto mbele ya wenzake akapige mswaki, wakati mtoto kapiga mswaki asubuhi. Binti anajifunza kucheka huku kafunika mdomo. Kijana anaenda kutafuta kazi Dar es Salaam na kabla hajataja jina, meno yake yameshasema ametoka wapi. Kwa wanaokunywa maji yenye kiwango kikubwa kwa miaka mingi, madini haya hayaishii menoni. Yanaingia kwenye mifupa, mgongo unakakamaa, viungo vinauma, na kwa baadhi ya watoto miguu inapinda.

Sasa tuseme na wenzetu ndani ya Chama. Kwenye makundi yetu kuna hoja kwamba mgombea wetu wa udiwani aahidi kisima kirefu kila kitongoji. *Tawi linapinga ahadi hiyo.* Tunajua kisima kinapigiwa kura. Kisima kinapigwa picha, karatasi ya maabara haipigwi picha. Lakini katika ardhi hii kuchimba kwenda chini zaidi si dhamana ya maji bora, na mara nyingine ndiyo kuyafuata yaliyokaa kwenye mwamba muda mrefu zaidi. Mgombea wetu akitaka kuahidi kisima, aahidi kwanza kwamba maji yatapimwa kabla ya kununua bomba hata moja, na kwamba yakizidi kiwango kisima hicho kitakuwa cha ng'ombe, bustani na kufulia, na atasimama hadharani kusema hivyo. Asiyeweza kusema hivyo aache kuahidi.

Wenzetu wa mjini wameshaelewa jambo hili. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 500, ulikwenda kuchimba visima hadi Wilaya ya Hai, mkoa mwingine kabisa, na sababu mojawapo ilikuwa kufuata maji yenye floraidi ndogo. Hatuwaonei wivu. Tunasema tu kwamba kama jiji linaweza kuvuka mpaka wa mkoa kwa sababu ya floraidi, basi floraidi si maneno ya wapinzani, na mji mdogo kama wetu una haki ya kuulizia.

Tunataka nini? Kwanza kabisa, na hili ndilo tunalolipa uzito kuliko yote, *majibu ya vipimo vya kila chanzo yabandikwe hadharani*. Yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwenye ofisi ya chombo cha watumia maji na pale kwenye kilula chenyewe, kwa rangi, namba kubwa na tarehe ya kupimwa. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) anasimamia miradi, maabara za Wizara ya Maji zinapima, na tunaamini karatasi zipo kwenye mafaili. Hatuombi siri ya nchi. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na Tawi litaandika barua kwa kuitumia. Yapo majibu ya aina moja tuliyowahi kupewa mdomoni, kwamba "maji yako vizuri". Vizuri ni miligramu ngapi?

Namba ikijulikana, mengi yanawezekana bila kusubiri mabilioni. Chukua mfano wa hesabu tu: chanzo chenye miligramu 4 na chemchemi yenye 0.5. Ukichanganya pipa moja la kwanza na mapipa matatu ya pili, unapata karibu 1.4, umeshaingia ndani ya kiwango. Lakini kuchanganya bila kupima ni kubahatisha, na kuchanganya kimyakimya ili kuongeza wingi wa maji wakati wa kiangazi ni kosa tutakalolipigia kelele.

Jambo la pili ni kuacha kuyahesabu maji yote kuwa sawa. Familia ya watu sita inahitaji maji mengi ya kufua, kuoga na mifugo, lakini ya kunywa na kupikia ni kama lita 30 kwa siku. Hizo lita 30 ndizo za kupigania. Mvua ina floraidi kidogo sana. Bati la mita za mraba 40, hata kwa mwaka wa mvua ya milimita 700 tu, linaweza kukupa zaidi ya lita 20,000 ukiondoa zinazopotea. Kwa kiangazi cha miezi mitano unahitaji kama lita 4,500, yaani simtanki moja ya 5,000. Tunajua bei ya simtanki si ya kila mtu. Ndiyo maana tunasema fedha ya umma ianzie kwenye *mabati ya shule*, hasa madarasa ya awali na ya kwanza hadi la tatu, ambako wako watoto ambao meno yao bado yako ndani ya fizi. Paa la darasa ni kubwa, gata ni rahisi kuliko pampu, na maji ya mvua ya mwanzo yamwagwe kwa sababu ya vumbi la bati.

Kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa. Kituo cha Wizara cha utafiti wa kuondoa floraidi kiko Ngurdoto, hapa hapa jirani. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru la moto unaodhibitiwa, inavunjwa punje, na maji yakipita humo floraidi inashikwa. Teknolojia inafanya kazi. Tatizo ni kwamba mkaa huo unachoka baada ya miezi, na ukichoka maji yanatoka yaleyale, masafi kwa macho, na mwenye ndoo hana habari. Yeyote atakayekuja kugawa vichujio, awe mfadhili au mgombea, aulizwe nani atabadilisha mkaa, lini, na kwa shilingi ngapi. Msijaribu kuchoma mifupa nyumbani: moto ukizidi mkaa unapoteza uwezo, ukipungua maji yananuka. Na waliotuuliza ni mifupa ya mnyama gani na kachinjwa vipi, hilo ni swali la haki, mtengenezaji analo jukumu la kulijibu bila kukasirika.

Halafu kuna magadi. Hapa tunajua tunagusa chungu cha watu. Magadi tunayotia kwenye maharage na kiburu ili viive haraka yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Loweka maharage usiku kucha, utaokoa na kuni. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe ziwa la mama peke yake, maana maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama mama anakunywa maji haya. Akianza uji, uji wake ndio upikwe kwa maji ya mvua kabla ya chai ya baba.

Wazee wetu wametuambia, kwa heshima zote, kwamba maji haya waliyanywa mababu na wakaishi. Ni kweli waliishi. Lakini Wameru hawajawahi kuwa watu wa kukubali jambo kwa sababu tu limekuwepo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilipowafukuza wazee wetu Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi, hawakusema ndivyo mambo yalivyo. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Mzee Kirilo Japhet alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Sisi hatuombi nauli ya New York. Tunaomba karatasi iliyoko ofisini, umbali wa nauli ya bodaboda.

Kwa hiyo, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ujao twende wote, wanachama na wasio wanachama, na swali liwe moja tu: *miligramu ngapi?* Mwenyekiti akiulizwa swali hilo na watu watano wa vitongoji vitano, litaingia kwenye muhtasari. Tusiende kutukana wataalamu wa maji. Wengi wao wanakunywa maji haya haya na watoto wao wako shule hizi hizi.

Wakati barua yetu inasubiri majibu, Tawi litapeleka sampuli zake maabara. Jumamosi hii, saa mbili hadi saa sita mchana, leta maji ya chanzo unachotumia ofisi ya Tawi. Tumia chupa ya plastiki ya nusu lita, isiwe ya kioo, uisuuze mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kujaza, na uandike juu yake kitongoji na chanzo, usiandike jina lako. Tutaanza na vilula vya karibu na shule, kwa sababu mchango uliopo hautoshi vyanzo vyote. Anayetaka kuongeza amwone Mweka Hazina na adai risiti. Majibu yote yatabandikwe ukutani na kutumwa kwenye kundi hili, hata yale yatakayokuwa mazuri na kutuharibia hoja.

Tafadhali sambaza.

*Katibu Mwenezi*
*Tawi la Maji ya Chai*