Andiko Lilale Kwanza

Ziko kelele mbili hapa Songea ambazo nimechoka kuzisikia. Ya kwanza hutoka kwa wazee wenzangu, hasa walimu wastaafu, wanaosema kuwa mtandao umeua uandishi, umeharibu Kiswahili na umewaacha vijana wetu na vidole vyepesi na vichwa vitupu. Ya pili hutoka kwa vijana wenyewe, wanaosema kuwa mtandao umewakomboa, kwamba leo kila mwenye simu ni mwandishi na hana haja ya mhariri, mchapaji wala ruhusa ya mtu. Kelele zote mbili hazina ukweli. Nitazijibu moja baada ya nyingine, kisha niseme lile ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotudhuru. Maana ugonjwa uliopewa jina lisilo lake hautibiki.

Nianze na wazee wenzangu. Nawauliza: kabla ya mtandao, kijana wa Lizaboni au Mfaranyaki aliyekuwa na hadithi yake aliipeleka wapi? Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, safari ya karibu kilometa elfu moja kutoka hapa. Tena wengi wao huishi kwa vitabu vya shule, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye mnunuzi wa uhakika. Riwaya ya mtu asiyejulikana ni bidhaa ya kushika vumbi rafuni. Jirani zetu wa Peramiho wana mitambo ya uchapaji ya Wabenediktini iliyofanya kazi kubwa na ya heshima, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa ni kulihudumia Kanisa, wala haikuwekwa pale kwa ajili ya hadithi za mapenzi za vijana wa mjini. Hata Shaaban Robert, ambaye sote twamtaja kwa fahari, alifariki mwaka 1962 akiwa ameacha miswada. Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwenyewe kuzikwa. Ikiwa kazi ya bingwa kama huyo ilichelewa hivyo, kijana wa Lizaboni angengoja mpaka lini?

Ndipo mtandao ukaja. Mtanzania mwenzetu Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili, akaonyesha kuwa lugha yetu haina sababu ya kusimama mlangoni. Mwaka 2005 Muhidin Michuzi akaanzisha yake, na mwaka 2006 likaanza jukwaa ambalo leo laitwa JamiiForums. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Huku kwetu mambo yalikwenda polepole zaidi. Mpaka mwaka 2018, mji huu ulipounganishwa na gridi ya Taifa, tulikuwa tukitegemea majenereta ya dizeli, na mtu aliyetaka kuandika kwa simu alipaswa kwanza kujua lini ataichaji. Mwaka huo huo wa 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kulipa ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili. Kanuni zile zimekwisha kubadilishwa, lakini zilipokuwa zikibana, baadhi ya blogu zilinyamaza, na JamiiForums wenyewe walifunga kwa muda mwezi Juni. Ni wazee wangapi kati yetu walisema neno siku zile? Aliyekaa kimya kijana alipofungiwa mlango wa mbele hana haki ya kumkemea leo kwa kupitia dirishani, yaani Facebook na WhatsApp.

Ama hilo la kuharibika kwa Kiswahili, nalo ni dogo kuliko tunavyolikuza. Ni kweli kuwa vijana huandika “xaxa” wakimaanisha “sasa”. Lakini sisi tuliopeleka simu za maandishi posta tulilipa kwa hesabu ya maneno, nasi tukayakata maneno mpaka habari ya msiba ikabaki maneno matatu. Hakuna aliyesema posta imeua lugha. Mtu anayeijua lugha yake huikata panapohitajika na kuirudisha panapostahili. Asiyeijua hakuharibiwa na simu. Aliharibikiwa zamani, darasani, mbele yetu sisi walimu.

Basi wazee wamekosea. Je, vijana wamepatia? La hasha.

Kijana huniambia, “Mwalimu, nina wasomaji elfu tatu.” Namuuliza amejuaje. Hunionyesha namba. Tangu Februari 2009, Facebook ilipoweka kile kitufe cha kidole gumba, msomaji amegeuka kuwa hesabu, na mwandishi amegeuka kuwa karani wa kujihesabia mwenyewe. Huandika sura ya hadithi usiku saa nne, huituma saa nne na nusu, na saa tano hukaa akitazama namba zikipanda. Zikipanda, sura ya kesho itafanana na ya leo. Zisipopanda, kesho shujaa wake atapigwa risasi au atafumaniwa, ili mradi namba zisogee.

Utaniambia kwamba magazeti yetu nayo yalikuwa na hadithi za mfululizo, na kila Ijumaa tuliachwa na neno “Itaendelea” roho zikiwa juu. Ni kweli, nami nilizisoma kwa raha. Lakini mwandishi wa gazeti alikutana na mhariri kwanza na msomaji baadaye. Kati ya kuandika na kusomwa palikuwa na mtu mwingine, mara nyingi mkali, aliyesema: hapa umerudia, hapa umedanganya, huyu mtu alikufa sura ya pili, mbona anakula ugali sura ya nne? Na palikuwa na juma zima. Leo nafasi ile yote imefutwa. Mtandao umempa kijana wasomaji kabla hajawa mwandishi, kama mtu aliyepewa wagonjwa kabla hajajua dawa. Wagonjwa hao watamshukuru kwa muda, maana naye huwapa sukari.

Matokeo yake nayaona katika hadithi zenyewe. Kijana aliyezaliwa Bombambili, asiyewahi kuvuka Makambako, huandika juu ya jumba la kifahari Masaki, lenye bwawa la kuogelea na binti wa waziri. Hajaliona jumba lile, wala wasomaji wake wengi hawajaliona. Wote wamelisoma katika hadithi ya mwingine ambaye naye hakuliona. Wakati huohuo, hatua chache kutoka kwake, mkulima amelala nje kando ya magunia yake akingoja mahindi yapimwe, mvua ikitishia, na mkewe akipiga simu kuuliza ada ya mtoto. Mkoa huu ni katika ile inayoilisha nchi mahindi. Iko wapi hadithi ya mkulima yule? Haiandikwi, kwa sababu haipandishi namba. Huo ndio ukombozi gani, wa kumfanya mtu awe huru kuandika kila kitu isipokuwa anachokijua?

Nisieleweke vibaya juu ya fedha. Wapo wanaotuma sura za mwanzo bure, kisha msomaji hutakiwa kulipa kwa M-Pesa ili apate zilizobaki. Siwalaumu hata kidogo. Mwandishi naye hula, na ni heri mia tano ya msomaji kuliko ahadi ya mchapishaji. Ninachokataa ni hadithi kukatwakatwa kama nyama ya buchani kwa kufuata uzito wa bando badala ya kufuata maisha ya watu waliomo ndani yake.

Tena liko jambo ambalo vijana hawalifikirii kabisa: nyumba wanamoishi si yao. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, na kurasa za watu zisizohesabika zikaondoka nayo. Mwaka 2019 MySpace ilitangaza kuwa nyimbo na picha zilizowekwa humo katika miaka yake ya mwanzo zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Hao walikuwa matajiri wa Marekani. Sembuse hadithi yako iliyomo katika simu moja yenye kioo kilichopasuka? Sisi wa Songea tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni katika mji huu. Mwaka 1968, zaidi ya miaka 60 baadaye, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji, nao wazee wakasema, kwa kuwa walikuwa wamehadithiwa na kuhadithia jioni baada ya jioni. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kwa upande wa Waafrika imetokana na vinywa vile. Nauliza: miaka 60 kutoka sasa, mtafiti akija Songea kuuliza tuliishije, atakuta nini? Atakuta namba za siri zilizosahauliwa.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliita ugonjwa wenyewe. Si mtandao. Ni kwamba hatujui tena tunamwambia nani. Na hili halimhusu kijana mwandishi peke yake. Linatuhusu sote, hata bibi asiyeandika ila hutuma picha.

Tazameni habari za msiba. Zamani mtu wa kupeleka habari alichaguliwa. Alifika, akaketi, akaomba maji, akauliza hali za watoto, ndipo akasema. Redio Tanzania Dar es Salaam ilisoma matangazo ya vifo, lakini kwa utaratibu: jina la marehemu, mahali, na orodha ya ndugu wanaopelekewa habari, mmoja mmoja. Yaani hata redio iliyosikika nchi nzima ilijua inamwambia nani. Leo binti aliyeko Mbeya huamka, hufungua simu, na kukuta picha ya mama yake imewekewa mshumaa na jirani aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa pole. Nimeona picha ya mgonjwa mwenye mirija puani ikizunguka katika makundi manne kabla mgonjwa hajazinduka. Nimeona mtoto aliyeadhibiwa akirekodiwa huku analia, na watu wazima wakicheka kwa vikatuni. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika mwaka 2023. Ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kuingia katika kila kundi la ukoo na kumnyang'anya shangazi simu. Adabu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo, na adabu hiyo ilikuwa na swali moja tu: habari hii ni ya nani?

Wapo watakaosema kuwa kushirikishana ndio utu wetu. Kwamba Mwafrika hafichi furaha wala msiba. Nakubali. Lakini kushirikishana si kumwaga. Anayegawa chakula hutazama sahani na mlaji. Anayemwaga hatazami chochote.

Shaaban Robert alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi, kuanzia 1931 hadi 1958. Barua hizo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake. Alimwandikia mtu mmoja, anayemjua jina, udhaifu na shida zake. Na kwa sababu hiyo hiyo leo zinasomwa na watu ambao hata hawakuzaliwa wakati ule. Hapo ndipo penye siri ambayo namba zimetuficha. Anayemwandikia mmoja kwa ukweli huweza kusomwa na wengi. Anayewaandikia wote hujikuta hamjui hata mmoja.

Basi nawataka vijana wa mji huu, na wazee wao, mambo manne. Kwanza, kabla hujaandika, taja moyoni jina la mtu mmoja unayemwandikia, hata kama andiko litasomwa na elfu. Pili, andiko lilale. Usiku mmoja tu. Asubuhi utaona mwenyewe kilichooza. Tatu, msomee mwenzako kwa sauti, na kama andiko linamhusu mtu aliye hai, msomee yeye kwanza. Mkulima mwenye magunia atakwambia ulipokosea kuliko mhariri yeyote. Nne, likishakamilika, lipeleke steshenari ukalitoe katika karatasi, uhifadhi nakala nyumbani kwako na nyingine kwa mtu unayemwamini. Karatasi huliwa na mchwa, sikatai, lakini mchwa hana haraka kama simu inayotumbukia chooni.

Wazee nao wanalo lao. Mkome kulalamika, mvae miwani, mwombe kusoma wanachoandika wajukuu zenu. Wanamhitaji yule mhariri aliyefutwa, na ninyi mmekaa barazani bila kazi.

Kitabu hiki nimekilipia kwa pensheni yangu, na sitarajii kuuza nakala nyingi. Lakini kila ukurasa wake umelala, tena zaidi ya usiku mmoja. Kijana wa Lizaboni anayo simu, anacho kipaji, na ana wasomaji ambao mimi sitawapata kamwe. Anachokosa ni usiku mmoja na mtu mmoja wa kumwambia kweli. Hivyo viwili havihitaji bando, na hakuna kampuni itakayomuuzia. Vimo ndani ya uwezo wetu sisi tulio karibu naye.