Tusiwacheke Wataliano kwa sinema zao za kutisha

Ukitaka kuchekwa na Waswahili wenzako hapa ughaibuni, sema kwamba unapenda filamu za kutisha za Kitaliano za miaka ya 1960 hadi 1980. Utaambiwa ni takataka: damu ni rangi tupu, midomo haiendani na maneno, hadithi haina kichwa wala miguu. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo sisi tunazipenda, na hoja tunayo.

Tuanze na Mario Bava, aliyekuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwongozaji. Mwaka 1965 alitakiwa aonyeshe sayari nzima katika Terrore nello spazio, na fedha hakuna. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na mawe mawili ya plastiki yaliyobaki kwenye filamu nyingine. Akayahamisha huku na huko, akajaza moshi studio ili sakafu isionekane, akawasha taa za rangi. Mtazamaji anaona nchi ngeni inayofuka mvuke. Leo wenye mamilioni wanamchora shetani kwa kompyuta mpaka kucha zake, nasi tunapiga miayo. Kinachotisha ni kile usichokiona vizuri, na asiye na fedha hulazimika kuficha mengi.

Halafu hiyo midomo. Wataliano walizoea kuingiza sauti baadaye studio, kwa hiyo Mmarekani, Mwingereza na Mtaliano waliigiza pamoja kila mmoja kwa lugha yake. Matokeo yake watu wanaongea kama wamo ndotoni. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, ambako mtafsiri hufunika maneno ya Rambo kwa Kiswahili chake na vichekesho vyake juu, tunashangaa nini?

Ujanja wa biashara nao ulikuwepo. Filamu ya Romero, Dawn of the Dead, ilitoka Italia mwaka 1978 kwa jina la Zombi. Mwaka uliofuata Lucio Fulci akatoa Zombi 2, yaani sehemu ya pili ya filamu ya mtu mwingine! Lakini ndani yake maiti anapigana na papa wa kweli chini ya bahari, na aliyeigiza maiti huyo alikuwa mfunzi wa papa.

Si zote tunazitetea. Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato (1980) inawaonyesha wapiga picha wanaochoma kijiji huko Amazon ili wapate habari. Sisi waandishi inatugusa, maana tumewaona wa aina hiyo wakishuka kwenye ndege barani kwetu. Ila Deodato aliua wanyama kweli mbele ya kamera, na hapo tunaachana naye. Huko Italia alilazimika kuthibitisha kwamba waigizaji wake walikuwa hai.

Uingereza, nchi iliyotupokea sisi tuliokimbia mkasi wa serikali, nayo ilikuwa na mkasi wake. Filamu hizo mbili zilikuwa kwenye orodha ya kanda zilizoshitakiwa mahakamani, na sheria ya mwaka 1984 ikataka kila kanda ya video ipitiwe kwanza. Zombi 2 haikuruhusiwa kuuzwa nzima mpaka 2005. Wakubwa hawaoni haya kuogopa maiti wa kupakwa unga.

Sasa tuje nyumbani. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000, wasomi wetu walicheka: kamera ya harusini, jini wa kupakwa rangi, sauti inakwama. Wasomi haohao leo wanalipa pauni kumi kumwangalia Bava ukumbini London, kanda yake ikiwa imesafishwa na profesa amesimama mbele akieleza maana ya moshi. Na kanda za Banzi, nani anazitunza?