Utalala Wapi Nairobi?

Kabla hujauliza bei ya chumba jijini Nairobi, jiulize kwanza: kesho asubuhi nina shughuli wapi?

Mimi nilianza na bei. Nilikuwa nikimsindikiza mdogo wangu kwenye mahojiano ya kazi huko Kangemi, nikachukua chumba rahisi karibu na River Road. Usiku kucha muziki wa baa iliyokuwa chini yetu ulitikisa kitanda. Alfajiri mvua ikanyesha, magari yakasongamana Waiyaki Way. Tuliitwa saa mbili, tukafika saa nne. Kazi akapewa mwingine.

Basi kama unampeleka mtoto bewa la Upper Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi, tafuta malazi upande huohuo, Kangemi au Uthiru. Wa Chiromo afikirie Westlands, ingawa hoteli za huko zitamkamua mfuko. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo, huishia Westlands, lakini ni ya kulipia.

Katikati ya jiji nako kuna faida yake, kwani matatu za karibu kila upande huanzia huko. Ukitoka Mombasa kwa treni ya SGR utashuka Syokimau, si mjini. Ukifika usiku na watoto na mizigo, ingia mjini ulale, safari ya Kangemi ingoje kesho. Ila omba kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa, ufungue dirisha, usikilize kuna nini huko chini.