«Fishie inakataa»: wahami wa Bunia watarudishwa mpaka lini?

Huko Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, mama mhami wa vita toka Djugu anaamka saa kumi na moja asubuhi, mtoto mgongoni, anaenda kupanga mstari mbele ya ofisi inayoandikisha watu kwa ajili ya chakula. Saa nne anafika mezani. Kijana wa ofisi anabonyeza, anabonyeza tena, kisha anasema: «Mama, fishie inakataa kufunguka. Rezo haiko. Urudi Jumatatu.» Jumatatu mama anarudi, na jibu ni lile lile.

Katika ofisi nyingi jibu hilo linatolewa kama vile mtu anasema mvua imenyesha, yaani hakuna wa kulaumiwa. Si kweli. Fishie iliyowekwa kwenye serveri, ile kompyuta moja inayotunza orodha za wafanyakazi wote, haikatai bila sababu. Na mara nyingi sababu ni ndogo sana.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo balaa nyingi zinatokea. Mtu akifungua orodha ya Excel, kompyuta inaweka kando yake fishie nyingine ndogo, iliyofichwa, ambayo jina lake linaanza na alama ~$. Kazi yake ni kuwaambia wengine kwamba kuna mtu ndani. Mwenye kuifungua akifunga vizuri, ile ndogo inafutika. Umeme ukikatika ghafula, inaweza kubaki. Kesho yake kila anayejaribu anaambiwa orodha inatumiwa na mwenzake, hata kama mwenzake huyo yuko kwake amelala! Dawa ni kuhakikisha hakuna mashini yoyote iliyofungua orodha, kisha kufuta ile fishie ndogo, ile tu. Ni kazi ya dakika chache, na kwa ajili ya dakika hizo familia inapoteza juma zima la unga.

Tena, hata kabla ya dawa hiyo, kompyuta huwa inakubali orodha ifunguliwe kwa kusoma tu. Je, kutafuta jina la mama kunahitaji kuandika?

Kama bado inakataa, fishie inakiliwe kutoka serveri na kuwekwa kwenye kompyuta ya mezani. Ikifunguka hapo, orodha ni nzima, na shida iko kwenye njia au kwenye ruhusa. Mara nyingi kijana aliyeko amechukua nafasi ya mwingine ambaye mkataba wake uliisha, na hakuna aliyempa ruhusa za yule wa kwanza. Huo si ugonjwa wa mashini, ni uzembe wa shefu wake. Lakini kopi nayo ikikataa, hata kwenye mashini ya pili, basi fishie imeharibika. Excel ina njia ya kuifungua huku ikiirekebisha. Isipowezekana, ichukuliwe kopi ya jana. Na kopi ya jana iko wapi? Hapo ndipo mashefu wengi wanatazama chini.

Wengine wanajibu kwamba majina ya wahami hayapaswi kutawanywa. Wana haki: katika Ituri, orodha ya majina na vijiji vya asili ikifika mikononi mwa watu wabaya inaweza kuua. Lakini kopi iliyofungiwa kwenye kabati, ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja, haijatawanywa. Na orodha iliyochapwa jioni kabla ya ugawaji, kisha kurudishwa kabatini, haihitaji rezo wala umeme.

Na siku ambayo yote hayo yameshindikana kweli, kijana wa mezani aandike jina la mama kwenye kaye, kwa biki, pamoja na tarehe na namba ya mstari wake, kabla hajamwambia arudi. Jumatatu aanze na hao.