Ukungu wa Vioo vya Gari si Kudra

Kila yanapoingia majira ya masika, na kadhalika vuli, husikika barabarani na mabarazani udhuru mmoja ambao umezoeleka hata hapana tena aulizaye uhalali wake, nao ni kwamba dereva hakumwona aliyekuwa akivuka njia kwa kuwa vioo vya gari vilikuwa vimeshika ukungu. Udhuru huo hutolewa kama utolewavyo udhuru wa radi au wa tetemeko la ardhi, yaani jambo lililoteremka kutoka juu na ambalo mja hana hila nalo, na wasikilizaji hutikisa vichwa wakasema ni bahati mbaya. Mimi nasema kuwa ukungu ushikao ndani ya kioo una sababu ijulikanayo na dawa ijulikanayo, tena dawa yenyewe aghalabu haina gharama. Na kwa hiyo dereva aendeshaye gari lililojaa watu ilhali haoni mbele yake ana taksiri, na mwenye gari aliyemkabidhi gari lisiloweza kusafika kioo ana taksiri kubwa kuliko yake.

Hewa hubeba maji yasiyoonekana kwa macho, na kadiri izidivyo joto ndivyo iwezavyo kubeba maji mengi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi yaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Ya nyuzi 20 hubeba kama gramu 17. Na ya nyuzi 10 haipati zaidi ya gramu 9 na kitu. Hewa yenye joto na unyevu ikigusa kioo kilichopozwa na mvua, nayo hupoa papo hapo, ikashindwa kuubeba mvuke wake wote, na ule uliozidi hugeuka matone madogo mno yakaganda juu ya kioo. Huo ndio ukungu, wala hapana siri nyingine. Na ni nani atiaye unyevu huo garini? Ni sisi wenyewe tuliomo. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa kwa pumzi na kwa ngozi yake kiasi cha gramu 40 za maji kwa saa moja. Basi katika gari dogo la abiria 14 lililofungwa madirisha yote, zaidi ya nusu lita ya maji huingia hewani kila saa, kabla hatujahesabu makoti yaliyolowa, miavuli itiririkayo miguuni, na mikeka ya sakafuni iliyokwisha kuwa madimbwi. Maji hayo hayana budi kupata pa kutokea, na yasipopata, yatakaa kiooni.

Asafiriye kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa wakati wa mvua ataliona jambo hili waziwazi katika mlima wa Kitonga. Huko chini, katika bonde la Ruaha penye mibuyu, harara ni kali, madirisha yako wazi, na kioo cha dereva ni safi. Lakini basi linapoanza kuzipanda zile kona, baridi ikazidi na manyunyu yakaanza, abiria huyafunga madirisha mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akilazimishwa na wenziwe, na kabla ya kufika Ilula kioo cha mbele kimekwisha kupauka kuanzia pembeni kuja katikati. Hapo dereva huchomoa kitambaa chini ya dashibodi, kitambaa kile kile alichofutia mikono yenye grisi asubuhi, akapangusa duara la ukubwa wa sahani mbele ya uso wake, na kwa kuchungulia duara hilo akaendelea kupanda huku malori yenye shehena yakimshukia. Duara lenyewe halidumu, kwani baada ya kona mbili tatu limeziba, akapangusa tena. Na kila apangusapo, mafuta na jasho la kitambaa hubaki kiooni yakawa utando, na utando huo ndio ushikao matone ya safari ijayo kwa wepesi zaidi, na ndio ukifikapo usiku uitawanyao nuru ya taa za gari lijalo, hata mbele pakawa mwako mtupu usio na barabara wala mtu.

Dawa ya kwanza ni hewa mpya. Karibu magari yote ya siku hizi yana kitufe, au kijiti cha kusogeza, chenye picha ya gari na mshale uzungukao ndani yake. Kikibonyezwa, mlango wa hewa ya nje hufungwa, na feni huwa inavuta na kuirudisha ile ile hewa iliyokwisha kupumuliwa. Madereva wetu hukibonyeza wakati wa kiangazi kwa ajili ya vumbi, nao wana haki, kwani vumbi la barabara zetu za udongo halivumiliki. Lakini mvua zikaja kitufe kikabaki vile vile, na gari zima likawa linachemka pumzi za waliomo. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kitabu cha maelezo, kama kimo, kimeandikwa Kijapani, basi haishangazi kuwa wako watu walioendesha gari miaka na miaka pasina kujua mshale ule ni wa nini. Mvua inyeshapo, kitufe hicho na kifunguliwe, hewa ielekezwe kioo cha mbele, na feni iongezwe nguvu.

Dawa ya pili ni kiyoyozi, na hapa ndipo watu hubisha, wakasema, yawaje niwashe chombo cha baridi ilhali natetemeka? Jibu ni kwamba chombo hiki asili yake haikuwa kuwaburudisha watu. Mmarekani Willis Carrier alipokibuni mwaka 1902, alikibuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu wa hewa ulikuwa ukiivimbisha karatasi na kuifanya inywee hata rangi zikawa hazikutani mahali pake. Alichotakiwa kukifanya ni kuutawala unyevu wa hewa, na starehe ya baridi ilifuata baadaye. Kazi hiyo ndiyo ifanyikayo garini: hewa hupitishwa juu ya mabomba baridi, ikayaachia maji yake huko, na maji hayo hudondoka chini ya gari, yale matone ambayo wenye magari wageni hudhani rejeta inavuja. Hewa itokayo hapo ni kavu, na ikipashwa joto na hita kabla ya kufika kioo, huwa kavu tena yenye moto, na kioo husafika katika muda ambao mtu hajamaliza kufunga mkanda na kupanga vioo vyake vya pembeni. Basi kiyoyozi na hita viwashwe pamoja, havigombani.

Na gari lisilo na kiyoyozi, au lililokwisha kuvuliwa mkanda wa kukizungusha, kama yalivyo magari mengi ya abiria? Hilo lina madirisha. Upenyo wa vidole viwili mbele, na mwingine kama huo nyuma upande wa pili, hutosha hewa kuingia huku ikitokea kule. Najua kuwa jambo hili si jepesi kwa konda, ambaye abiria humpigia kelele afunge kila kitu kwa sababu wanalowa. Lakini nimepata kumsikia kijana mmoja wa daladala akimwambia mama wa makamo aliyeketi dirishani, kwa heshima tupu, "Shikamoo mama yangu, niwie radhi, tuachie upenyo kidogo tu, dereva haoni njia," na yule mama akajibu marahaba, akaivuta kanga begani, akalisogeza dirisha kwa mkono wake mwenyewe. Abiria wakielezwa sababu huvumilia, kwani matone machache begani si kitu mbele ya wanayoyajua ya barabara zetu.

Ziko dawa nyingine nitakazozitaja kwa ufupi. Kioo kisafishwe kwa ndani mara kwa mara kwa maji na sabuni, kisha kikaushwe kwa kitambaa kikavu kisichogusishwa mafuta, na ukipakwa utando mwembamba wa sabuni ya maji ukasuguliwa hata usionekane, matone hayatajikusanya bali yatatandaa, na macho yatapenya. Nyaya nyembamba za kupasha joto kioo cha nyuma zilindwe na wembe wa wabanduao karatasi nyeusi, kwani uzi ukikatika hupati tena joto mahali pale. Soksi iliyojazwa chumvi au mchele, ambayo wengi husifu, yafaa kwa gari lililolala usiku, lakini haina nguvu mbele ya watu 14 wapumuao. Na gari lishikalo ukungu hata likiwa na mtu mmoja, siku isiyo na mvua kubwa, lina maji yaliyofichama: inueni zulia, tazameni raba za milango, na ikiwa kioo kina utelezi na ndani mna harufu tamu tamu, hita yenyewe inavuja maji ya rejeta, na hapo fundi ni lazima.

Sisi wa pwani tuna mkasa wetu peke yetu, ambao watu wa bara hawaujui sana. Katika Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, usiku wa masika, hewa ya nje ndiyo yenye joto na unyevu mzito, na kioo hupozwa kwa ndani na kiyoyozi. Basi ukungu hushika nje, na dereva akahangaika kupangusa ndani na kuzidisha baridi, na kila azidishapo baridi ndivyo ukungu unavyozidi. Mtu na apitishe kidole kwa ndani: pasipobaki alama, ukungu uko nje, na dawa yake ni kuwasha waipa, kisha kupunguza baridi na kuuelekeza upepo mbali na kioo.

Haya yote ni maarifa mepesi, na mtu mwenye akili timamu aweza kuyashika kwa somo moja. Hata hivyo mwanafunzi wa udereva hufundishwa alama za barabarani, na kuondoa gari kilimani kwa klachi na breki ya mkono, na kurudi nyuma kwa kupinda, lakini sijapata kukutana na hata mmoja aliyeulizwa katika mtihani wake afanyeje kioo kikipofuka. Nako kwenye ukaguzi, ile Wiki ya Nenda kwa Usalama ifikapo na magari yakapangwa foleni kungoja stika, breki hukaguliwa, na taa, na matairi, na kizima moto, na waipa huzungushwa mara moja. Sijamwona mkaguzi akinyoosha mkono akaifungua feni ya kioo asikie kama yavuma. Mwaka 2003 wenzetu wa Kenya, kwa zile kanuni za Waziri John Michuki, waliwalazimisha wenye matatu kutia vidhibiti mwendo na mikanda ya abiria, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani, nalo likawezekana. Kuitia feni ya kioo cha mbele katika orodha ya ukaguzi wa magari ya abiria, pande zote za mpaka, ni jambo dogo kuliko hilo.

Wenye magari hunijibu kuwa kiyoyozi hula mafuta, na kwamba dereva mwenye kudaiwa hesabu kila jioni hawezi kukiwasha. Ni kweli kinakula. Lakini hakihitaji kuwashwa kutwa, bali ni dakika chache kila kioo kianzapo kupauka, na feni peke yake pamoja na upenyo wa madirisha havili mafuta ya kutajika. Na ikiwa hofu ni hesabu, basi tajiri ndiye aipangaye, naye aweza kuipunguza siku za mvua, siku ambazo yeye mwenyewe ajua foleni ni ndefu na safari ni chache. Mkanda wa kiyoyozi uliovuliwa na urudishwe, chujio la hewa lililoziba kwa vumbi la kiangazi litolewe, likung'utwe au libadilishwe, raba zilizochoka zivalishwe upya, na kazi hiyo ifanywe mwezi wa Februari, kabla masika hayajafika.