Maji Safi na Lugha ya Data: Maoni Kuhusu Hakathoni za Wanafunzi kwa Mfano wa Kiuyu, Pemba

Miongoni mwa mambo yaliyoenea katika vyuo vikuu katika miaka ya karibuni ni hakathoni, yaani mashindano ya siku mbili au tatu ambamo makundi ya wanafunzi hukesha mbele ya kompyuta wakitafuta ufumbuzi wa tatizo la jamii kwa kutumia data. Uchafuzi wa maji ni tatizo linalofaa sana kwa mashindano ya namna hiyo, kwani maji yanamgusa kila mtu na madhara yake yanapimika. Wataalamu wa lugha kwa kawaida hawaalikwi, nao hawalalamiki. Rai ya makala haya ni kwamba kutoalikwa huko ni kosa, na kutolalamika ni kosa kubwa zaidi. Data ya maji, kabla ya kuwa tarakimu, mara nyingi ilikuwa swali na jibu. Na kwetu sisi swali na jibu hilo huwa la Kiswahili.

Tuanze na mfano uliopo. Data ya maji ya Tanzania iliyotumiwa sana na wanafunzi wa sayansi ya data, hata nje ya nchi, ni ile iliyotokana na Taarifa pamoja na Wizara ya Maji, ikatolewa kwa ajili ya shindano la mtandaoni la DrivenData. Sehemu yake ya mafunzo ina vituo vya maji 59,400, vingi vikiwa vimeandikishwa kati ya 2011 na 2013, na mshindani hutakiwa kubashiri kama kituo kinafanya kazi, kinahitaji matengenezo, au hakifanyi kazi kabisa.

Mambo mawili katika data hiyo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, vituo vyote ni vya Tanzania Bara. Maji si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Mamlaka yake ya Maji, ZAWA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kwa hiyo mwanafunzi anayedhani kuwa ana data ya Tanzania nzima hana ndani yake hata kisima kimoja cha Pemba. Pili, katika safu ya ubora wa maji, vituo zaidi ya 50,000 vimeandikiwa neno la Kiingereza lenye maana ya "laini", na vyote hivyo vikaingizwa katika kundi la maji "mazuri". Vilivyosalia vimegawanywa kwa chumvi, rangi, floridi au kutojulikana. Hakuna safu inayotaja vijidudu vya maradhi. Ulaini wa maji ni suala la madini. Haumwambii mtu lolote kuhusu kinyesi kilichopenya kisimani. Mfumo wenye jina la Kiswahili umebeba data iliyoainishwa kwa maneno ambayo aliyeulizwa kisimani hakuyatamka.

Sasa tuchukulie kuwa hakathoni inafanyika Kiuyu. Rasi ya Kiuyu, kaskazini-mashariki ya Pemba, ina sehemu kubwa za mwamba wa matumbawe zenye udongo haba. Mwamba wa aina hiyo una nyufa na matundu. Maji ya mvua huteremka upesi bila ya kuchujwa vya kutosha, na pamoja nayo huweza kuteremka uchafu wa vyoo vya shimo. Aidha, kwa kuwa bahari iko karibu, maji ya chumvi nayo huweza kupenya chini kwa chini. Dosari hii ya pili ulimi huitambua. Ile ya kwanza hauitambui.

Mwanafunzi anafika kisimani na fomu yake. Anamwuliza mama anayeteka maji: "Je, maji ya kisima hiki ni safi?" Mama anajibu kuwa ni safi, na anasema kweli. Hayana takataka, hayanuki, yanaonekana hadi chini. Pengine katika jibu lake imo pia maana ya twahara. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, maji yaliyofikia kiasi cha kulateni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Kanuni hiyo ni ya ibada, nayo haikudai kamwe kuwa kipimo cha maabara. Lakini bakteria wa E. coli, ambao kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, hawabadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Basi "safi", "twahara" na "salama" ni sifa tatu tofauti, na fomu imezikusanya katika kisanduku kimoja. Kosa si la mama aliyejibu bali la aliyeuliza.

Maneno mengine yana hatari hiyo hiyo. Ukiuliza kama maji yanatiwa "dawa", jibu la ndiyo laweza kumaanisha klorini, ambayo huua vijidudu, au shabu, ambayo hutuliza tope na kuyaacha maji yaking'aa lakini si lazima yawe salama. Ukiuliza juu ya "maji ya kunywa" tu, umekiacha nje kichocho, maradhi ambayo Unguja na Pemba yalifanyiwa utafiti mkubwa wa kuyatokomeza kati ya 2011 na 2017. Kwani vijidudu vyake huingia kwa kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayecheza majini.

Huenda mtu akapinga kuwa haya yote yataondolewa na maabara. Pemba inayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi tangu mwaka 2000. Sampuli ikipimwa, maneno hayana kazi. Hoja hiyo ina uzito, na hatusemi kuwa mahojiano yachukue nafasi ya vipimo. Hata hivyo, tarakimu ya maabara haina maana mpaka ifungamanishwe na kisima fulani, msimu fulani na watu fulani wanaokitumia. Kisima chenye majina mawili huwa visima viwili katika jedwali. Ramani ya kipindupindu ya John Snow, London, 1854, husifiwa sana na wanasayansi wa data. Lakini kifo kilichokuwa mbali na pampu ya Broad Street, cha mjane wa Hampstead, hakikufafanuliwa na ramani. Kilifafanuliwa na mwanawe, aliyeeleza kuwa mama yake alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kila siku kwa sababu aliipenda ladha yake. Maji yaliyoua yalikuwa maji yaliyosifiwa.

Kwa mnasaba huo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kundi la hakathoni ya namna hii liwe na mwanafunzi wa Kiswahili, na maswali yajaribiwe kisimani kabla ya kuingizwa katika programu. Pili, idara zetu zikusanye msamiati wa maji unaotumika katika lahaja, Kipemba kikiwamo: aina za visima, ladha za maji, majira yake na njia za kuyatibu, kazi hiyo inafaa kabisa kwa tasnifu za umahiri. Tatu, matokeo yarudishwe katika shehia kwa Kiswahili kinachotenganisha usafi na usalama, kabla ya kupelekwa penginepo.

Zanzibar ilijiwekea mpango wa kutokomeza kipindupindu wa miaka 2018 hadi 2027. Muda uliobaki si mwingi. Programu iliyotungwa kwa ustadi juu ya swali lililoulizwa vibaya itamwambia mama wa Kiuyu kuwa maji yake ni mazuri, naye atawanywesha watoto wake. Sisi tunaofundisha maana za maneno hatutaweza kusema kuwa jambo hilo halikutuhusu.