Salamu Isiyokuwa Yao

Tunapowataja magladieta wa Roma ya kale, wale waliofunzwa upanga ili wapigane mbele ya umati, kalamu hukimbilia salamu maarufu ya wanaokwenda kufa kwa Kaisari. Lakini wanahistoria wa kale waliisimulia kwa siku moja tu, tena si ya magladieta. Waliyoitoa walikuwa wafungwa waliohukumiwa kifo, wakiwa juu ya merikebu katika ziwa la Fucino mwaka 52 B.K., Claudius alipoandaa mchezo wa vita vya majini.

Nashikilia kwamba kosa hili si dogo. Salamu hiyo humfanya mtumwa aonekane ameridhia. Kiapo chao halisi hakikuwa na unyenyekevu wa namna hiyo: gladieta alikubali kuchomwa moto, kufungwa, kupigwa na kuuawa kwa chuma. Hata mtu huru aliyejiuza kwa mkataba aliapa vivyo hivyo, akaporomoka katika daraja la waliovuliwa heshima kisheria.

Anayetaka sauti yao na aende makaburini. Huko Sicilia, jiwe la Flamma, Msiria aliyeishi miaka 30, lahesabu kama daftari la mfanyabiashara: mapambano 34, ushindi 21, sare 9, na mara 4 alishindwa akaachiwa uhai. Aliyeliweka ni Delicatus, mwenzake wa silaha, naye hakusahau kulitia jina lake mwenyewe.

Linalonisumbua zaidi ni la Diodorus, aliyezikwa Amisus, pwani ya Bahari Nyeusi. Limechongwa picha ya mpiganaji mwenye panga mbili, adui yake akiwa chini, na maandishi yake ni shairi la Kiyunani (halina vina, ila lina mizani). Marehemu asema alimwangusha Demetrius, wala hakumuua papo hapo; kisha majaaliwa na hila ya mwamuzi vikamuua yeye.

Washairi wenzangu, litazameni hilo “papo hapo”. Shairi halitaji huruma. Yawezekana alimhurumia Demetrius. Yawezekana alingoja tu amri, kama kanuni za mchezo zilivyotaka. Mtunzi angeweza kumsifu marehemu kwa upole wake, akaacha. Alichokichagua ni lawama, akamtupia mwamuzi ambaye hata jina hakumpa.